Kanisa Jipya Juu ya Milima ya Irangi

Ukitaja Kondoa, wengi wanakumbuka michoro ya miambani, na wana haki. Mimi safari hii nilifuata jengo la juzi tu: kanisa la parokia ambalo wanakijiji wamelijenga wenyewe juu ya milima ya Irangi. Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, na rafiki yangu wa kazini, mzaliwa wa huko, amekuwa akinionyesha picha za ujenzi kwenye simu tangu siku za kuchimba msingi. Nimesharudi nyumbani, na haya nimeyapanga kutoka kwenye daftari na picha zangu.

Jina la kijiji sitalitaja. Kanisa bado halijatabarukiwa, yaani halijawekwa wakfu na Askofu, na kamati ya ujenzi iliniomba jina lisizunguke mitandaoni kabla Askofu hajafika. Mengine yote nitaeleza, na atakayefika Kolo akauliza atapata njia.

Alhamisi, 11 Septemba 2025: Dar es Salaam hadi Dodoma

Treni ya SGR, daraja la kawaida, shilingi 31,000. Hadi siku hiyo nauli haikuwa imebadilika tangu safari za Dodoma zianze mwaka 2024, na kwa anayekumbuka kutwa nzima ndani ya basi kupitia Chalinze, inalipa. Kata tiketi mapema na ubebe kitambulisho, wanakiangalia kweli. Fika stesheni mapema pia, maana ukaguzi wa mizigo una foleni yake.

Jioni nilikwenda Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo wa Msalaba. Nilitaka kuanzia hapo kabla ya kwenda kuona kanisa la kijijini, kwa sababu jina hilo lina historia. Paulo wa Msalaba ndiye aliyeanzisha Shirika la Mateso huko Italia katika karne ya 18, na mapadre wa shirika hilo ndio waliofika Ugogo na Urangi, nchi za Wagogo na Warangi, miaka ya 1930. Dodoma ikawa jimbo la Kanisa Katoliki mwaka 1953 na jimbo kuu mwaka 2014. Kondoa ilikatwa kutoka Dodoma mwaka 2011 na kuwa jimbo linalojitegemea. Kwa hiyo parokia nyingi za milimani ziko chini ya jimbo changa, lenye watu wachache na mfuko mdogo, na bado zinajenga.

Gesti 25,000, maji ya moto yapo. Chipsi kuku 7,000. Nililala mapema.

Ijumaa, 12 Septemba: Dodoma hadi Kondoa

Stendi kuu ya Dodoma iko Nanenane, nje kidogo ya mji, jirani na soko la Job Ndugai. Bajaji kutoka katikati ya mji usikubali bei ya kwanza. Basi la Kondoa nililipa 8,000. Tuliambiwa tunaondoka saa mbili asubuhi, tukaondoka saa tatu na nusu, baada ya kondakta kujaza hadi kiti cha pembeni ya dereva.

Lami ni nzuri mwanzo hadi mwisho. Barabara hii ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa Aprili 2018, na wazee ndani ya basi bado wanaizungumzia. Mmoja alisema zamani masika yakikolea, kutoka Kondoa kwenda Dodoma ulikuwa unaaga nyumbani kabisa. Septemba ni msimu wa pili wa zabibu, kwa hiyo nje kidogo ya mji vijana walikuwa wanakimbilia madirishani na ndoo ndogo. Ndoo 5,000, tamu sana, ila osha kwanza.

Mbele ya Mayamaya tairi la nyuma lilipasuka. Spea ilikuwepo, jeki ilikuwa mbovu. Tulikaa chini ya mbuyu zaidi ya saa nzima tukisubiri lori lisimame kutuazima jeki. Hapo ndipo nilipokaribishwa na mama mmoja aliyekuwa anarudi Kondoa na marobota yake ya ndoo za plastiki. Alifungua kitambaa, kumbe ana mihogo ya kuchemsha na karanga, akanisogezea nusu.

"Kula mwanangu. Njaa haina mgeni."

Nilimweleza ninakokwenda. Akacheka kwa furaha. "Lile kanisa la bati jekundu? Mchanga wake mume wangu kaubeba. Alikuwa na lori, akawabebea tripu mbili bila pesa." Ushungi wake na salamu zake zilinieleza kuwa ni Mwislamu, kama walivyo watu wengi wa Kondoa. Nikamuuliza kama mumewe aliona ugumu wowote. Akanitazama kama hajaelewa swali. "Wale si majirani?"

Jambo hilo nililikuta tena na tena kule juu, ndiyo maana naliandika mapema.

Kondoa tuliingia wakati wa swala ya Ijumaa. Maduka yamefungwa nusu, mitaa kimya, watu wamejaa misikitini. Ukifika saa hizo usihangaike kutafuta chakula, subiri saa nane. Nilipata wali, maharage na mchicha kwa 2,500, nikashuka kuiona chemchemi inayoupa mji maji. Mji huu ulipiganiwa vikali Mei 1916, vikosi vya Waingereza vikiongozwa na Van Deventer upande mmoja na Wajerumani wa Lettow-Vorbeck upande mwingine. Ukiona yale maji unaelewa kwa nini jeshi lingetaka kukaa hapa.

Gesti 15,000, chandarua kizima, choo cha nje. Beba koti, usiku kuna baridi.

Jumamosi, 13 Septemba: Kondoa, Kolo, na kupanda mlima

Noah ya asubuhi hadi Kolo ni 2,000, kilomita zipatazo 25. Kolo ni mahali pa kushuka kwa anayetaka michoro: ofisi ya mambo ya kale iko barabarani, unalipia hapo na unapewa mwongozo. Usiende bila mwongozo. Njia hazina vibao vya kutosha, na baadhi ya miamba ni mahali pa ibada.

Nilikwenda Mungomi wa Kolo tu, mojawapo ya miamba hiyo yenye michoro. Kwa jumla yapo zaidi ya mapango na miamba 150 yenye michoro, ndani ya eneo la kilomita za mraba 2,336, na UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikaa huku mwaka 1951 akinakili mchoro mmoja mmoja kwa mkono. Kilichonigusa ni maelezo ya mwongozo kwamba Warangi bado wanapanda Mungomi kuomba mvua na uponyaji. Wenye mashamba ya chini wanajua siku zake. Kwa hiyo mlima huu una sehemu za ibada za kale zinazotumika mpaka leo, una misikiti, na sasa una kanisa jipya. Nilishuka nikiwa na shauku kubwa zaidi ya kufika.

Bodaboda kutoka Kolo hadi kijijini: 10,000. Kijana aliyenipeleka aliniomba nishuke mara tatu tutembee, kwa sababu njia imekatwa na makorongo. Hapa inabidi nisimame kidogo, maana bila makorongo huwezi kulielewa lile kanisa.

Milima ya Irangi iliumia sana kwa mmomonyoko. Udongo ulishuka na maji ya mvua hadi mabondeni, ukaacha ardhi nyekundu iliyochanika. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Watu walichimba makingamaji na kupanda miti, lakini ng'ombe waliendelea kumaliza majani. Ndipo mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi, kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, wote. Mwaka 1989 ikaanza kuruhusiwa ng'ombe wa maziwa wa kufungiwa ndani, wanaoletewa majani zizini. Wazee wanausimulia mwaka wa 1979 kwa uchungu hadi leo, na wanaonyesha pia vichaka na miti iliyorudi. Yote mawili ni kweli kwao.

Sasa, udongo ulioshuka ulikwenda wapi? Sehemu yake ni mchanga mweupe uliojaa chini ya makorongo, mchanga safi kabisa wa ujenzi. Kanisa hili limejengwa kwa mchanga huo. Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu, aliniambia hivi tukiwa tumesimama juu ya korongo: "Mlima ulitushukia. Sisi tumeupandisha tena kwa ndoo."

Mwenyeji wangu alikuwa mama mdogo wa rafiki yangu. Nilimkuta uani anapepeta ulezi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, pole na mlima." Kabla sijakaa, maji ya kuoga yalikuwa tayari na uji wa ulezi umemiminwa. Mchana tulikula ugali wa uwele kwa mlenda na maziwa mgando. Mlenda wa huku wanausaga ukiwa mkavu, unakaa mwaka mzima ndani ya kibuyu.

Jioni tukaenda kanisani.

Linaonekana kutoka mbali kwa bati lake la msauzi la rangi ya damu ya mzee, ila ukikaribia unagundua kuta ndizo zenye uzuri. Chini ni mawe ya mlimani, yamepangwa hadi usawa wa kiuno. Juu yake tofali za kuchoma, hazijapigwa lipu. Nilimuuliza fundi mkuu kama lipu itakuja baadaye. "Hapana. Mvua ya huku inapiga ubavuni, lipu ingekuwa inadondoka kila mwaka. Tofali ikiiva vizuri haihitaji nguo." Nimechora majengo mengi ambayo wenyewe walinilazimisha kufunika tofali nzuri kwa lipu na rangi, kisha baada ya misimu mitatu yanaonekana machakavu. Hapa mtu wa kijijini ameamua vizuri kuliko wateja wangu wengi wa mjini.

Umbo lake ni nusu duara. Altare iko upande ulionyooka, watu wanakaa kuizunguka kwa mistari ya upinde, na aliye mbali kabisa hayuko mbali. Hii ni sura ya makanisa yaliyokuja baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa dunia, uliofanyika kati ya 1962 na 1965, ulipoagiza waamini washiriki ibada kikamilifu badala ya kutazama tu. Katekista alilisema kwa maneno yake: katika kanisa la zamani, aliyekaa nyuma alikuwa anasali na migongo ya watu.

Altare yenyewe ni jiwe moja. Lilitolewa juu ya kijiji, likaviringishwa kwa magogo siku nne. Upande wa mbele limechongwa kidogo tu, pembeni limeachwa kama lilivyotoka mlimani, na ukipitisha kiganja unahisi chembe zake.

Kenchi ni za chuma, ziko wazi, hakuna dari ya jipsamu. Ukuta wa mashariki umejengwa kwa tofali za matundu, na ndani ya kila tundu kimebandikwa kipande cha kioo cha rangi: kijani, njano, nyekundu, vingine vimekatwa kwenye chupa. Kuna kitu kimoja sikukipenda. Sehemu ya altare imewekwa marumaru nyeupe za dukani zinazong'aa na kuteleza, na zinashindana na lile jiwe. Nilimwambia fundi, akakiri kwamba zilikuwa zawadi ya mfadhili wa mjini na hawakuweza kukataa. Mfadhili akisoma haya, naomba asikasirike: safari ijayo wapelekee saruji tu.

Ukutani kuna misalaba minne midogo ya lipu, mahali pasipo na kitu kingine. Ibada ya kutabaruku inataka altare ipakwe Krisma, mafuta matakatifu, kisha kuta zipakwe mahali 12 au 4. Wao wamechagua 4, na misalaba inasubiri.

Halafu nikaonyeshwa kilichonifurahisha kuliko vyote. Gata zimezunguka paa lote na kushusha maji kwenye tangi lililochimbwa chini ya ardhi upande wa kusini. Fundi alinipigia hesabu kwa kijiti mchangani. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa ni kama mita za mraba 500. Mvua ya mwaka ikifika milimita 600, ni lita 300,000, na hata ukitoa zinazopotea bado zinabaki nyingi. Bomba liko nje ya uzio, upande wa barabara, anachota yeyote. Nilipokuwa pale walikuja mabinti wawili wa ushungi na ndoo, wakasalimia, wakachota, wakaondoka wanazungumza yao.

Jumapili, 14 Septemba: Misa

Tarehe hiyo ni Sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, na mwaka huu iliangukia Jumapili. Kanisa bado halina mabenchi ya kutosha, nusu ya watu walikaa kwenye mikeka na viti walivyobeba nyumbani. Paroko alieleza kwamba wanaruhusiwa kusali humo wakati wakisubiri kutabaruku.

Misa ya saa moja inakuta jua limepanda usawa wa ukuta wa matundu. Nilikuwa nimekaa pembeni, nikaona mwanga wa kijani unapita juu ya mikono ya bibi mmoja aliyeshika rozari, ukahamia kwenye mkeka, ukafika kwa mtoto aliyejaribu kuukamata. Padre alikuwa amevaa nyekundu. Somo la kwanza ni lile la Kitabu cha Hesabu, nyoka wa shaba jangwani, na Injili ni ya Yohane sura ya 3. Mahubiri hayakuzidi dakika kumi na tano. Kwaya iliimba kwa kayamba na ngoma, wimbo mmoja kwa Kirangi, na kwa kuwa hakuna dari ya jipsamu, sauti zilijaa hadi kwenye bati na kurudi zimekamilika. Spika hawakuziwasha. Naomba wasije wakaziwasha.

Wakati wa vipaji watu walileta walichonacho: ulezi kwenye ungo, mbaazi, mayai, jogoo. Baada ya Misa ukafanyika mnada nje, pesa ya ujenzi. Nilinunua boga na chupa ya asali kwa 14,000, na jogoo akaenda kwa mfanyabiashara wa Kolo, Mwislamu aliyekuja mahsusi kwa mnada. Alilipa, akapigiwa makofi, akamrudisha jogoo auzwe tena.

Mwenyekiti alinionyesha kaunta buku la ujenzi. Safu za kalamu nyekundu na bluu, jumuiya moja moja: debe mbili za alizeti, mawe tripu moja, siku sita za kazi, ndoo arobaini za maji. Mwisho wa kila ukurasa ameandika kichwa "Majirani", na chini yake yamo majina mengi. Nilikuta la mwenye lori, ambaye hapana shaka ni mume wa yule mama wa mihogo. Nilimwomba nilipige picha, akakataa kwa upole. Daftari la watu, alisema, ni la watu.

Mambo ya kukumbuka kwa atakayekwenda: wanawake wengi huvaa kitenge na kufunika kichwa, nawe ukifanya hivyo hutajihisi mgeni. Omba ruhusa ya picha kwa katekista, usipige wakati wa Mageuzo, padre anapoweka wakfu mkate na divai. Mgeni lazima asimame kujitambulisha baada ya matangazo, jiandae na sentensi mbili. Mtandao wa simu unapatikana karibu na mnara wa kengele, penginepo hakuna. Pesa taslimu beba kutoka Kondoa.

Jumatatu, 15 Septemba: kurudi

Mama mdogo alinifungia ulezi, mlenda wa unga na mayai ya kuchemsha, akanisindikiza hadi mwanzo wa mteremko. Nilishuka kwa miguu na wanafunzi waliokuwa wanawahi shule, kisha boda, kisha basi lililotoka Babati. Nilifika Dodoma saa tisa bila tukio lolote, nikapata treni ya usiku.

Ukitaka kwenda, nenda kati ya Juni na Oktoba. Masika makorongo hayapitiki kwa pikipiki, na dereva atakushusha njiani. Bila nauli ya Dar, mimi nilitumia kama 150,000 kwa kila kitu, pamoja na kiingilio cha Kolo na sadaka.

Kilichobaki kwenye kanisa ni mabenchi, kengele na milango miwili ya pembeni. Mwenyekiti alisema fedha ya mabenchi itatokana na alizeti ya msimu ujao, ikivunwa Juni, na tarehe ya Askofu itapangwa baada ya hapo. Anayetaka kuchangia asitume vitu kabla ya kuuliza. Apite Kolo, aulize kanisa la bati jekundu, aongee na kamati, na wataandika jina lake kwenye lile daftari.